Je, Yatosha Kusema "Tulidhani"?



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya pikipiki. Huenda wengine watashangaa, wakisema kwamba gazeti la parishi si mahali pa kufundishia ufundi. Hatukusudii kufundisha ufundi, ingawa mwenye pikipiki aweza kuokota humu neno la kumfaa. Tunakusudia kuuliza swali moja: mtu akisema au akitenda jambo lisilo kweli, huku mwenyewe akiamini kwa moyo safi kwamba ni kweli, je, ana hatia? Na kama anayo, anadaiwa nini, na amlipe nani?

Amri ya tisa tumeifundishwa tangu utoto, nayo yakataza kumsingizia jirani uongo. Mwongo twamjua. Lakini yule asiyedanganya, yule aliyekosea tu, tunamweka wapi? Swali hili ni la zamani, nasi tumekutana nalo hapa hapa Itumba, kando ya barabara, katika pikipiki moja ndogo iliyowaka vizuri kila asubuhi na kuzima kila mara njiani.

KISA CHENYEWE

Itumba ni makao makuu ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Njia ya kwenda Isongole mpakani na Malawi, ile ya kwenda Mpemba kukutana na barabara kuu ya Tunduma, na zile za kupanda vijiji vya milima ya Bundali, zote sasa zina bodaboda. Jina hilo lilitoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako zamani waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo. Hapa Tanzania pikipiki zilikubaliwa rasmi kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010. Leo kwa watu wengi wa milimani bodaboda ndiyo miguu yao. Hubeba mgonjwa, hubeba mwanafunzi, hubeba gunia la mahindi na mwenye gunia juu yake.

Kijana mmoja wa kijiweni alikuwa na pikipiki ya mkataba. Hatutamtaja jina, wala hatutamtaja mtu mwingine wa kisa hiki, maana wote ni jirani zetu. Pikipiki ya mkataba ni ya tajiri, na kijana hupeleka hesabu kila siku. Akimaliza muda waliopatana, inakuwa mali yake. Akikosa hesabu mara nyingi, tajiri anaichukua, na jasho lote la nyuma limepotea. Mtu wa namna hii hana siku ya kuchezea.

Ilikuwa mwezi wa Januari, mvua zikinyesha karibu kila siku. Pikipiki ikaanza ugonjwa. Asubuhi inawaka kwa kiki moja na kutulia vizuri. Kijana anapakia abiria, anaondoka, na baada ya mwendo mfupi mtambo unakosa nguvu, unakohoa mara mbili tatu, unazima. Anapiga kiki mpaka jasho linamtoka, haiwaki. Abiria anashuka, anatafuta mwingine. Baadaye, kijana akiwa ameketi ukingoni mwa njia amekata tamaa, anajaribu tena, nayo inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Inakwenda kidogo, inazima tena.

Fundi wa kwanza alisikiliza nusu ya maneno, akasema, "Plagi hiyo." Akafungua kifuniko cha tangi kutazama kama mafuta yamo, akabadili plagi, akapiga kiki. Ikawaka. Kijana akalipa na kushukuru. Kesho yake ikazima.

Fundi wa pili alisema plagi si kitu, ugonjwa uko kwenye kabureta. Naye akafungua kifuniko cha tangi kutazama mafuta, akafunga koki, akatoa kabureta ya zamani, akaweka mpya, akapiga kiki. Ikawaka. Ile ya zamani ikabaki gerejini kwake. Fedha ya kabureta mpya kijana aliitoa katika akiba ya mama yake, fedha ya mbolea ya kukuzia mahindi, akidhani atairudisha ndani ya juma moja. Pikipiki ikazima siku ya pili, na mahindi, kama kila mkulima ajuavyo, hayamngoji mtu.

Hapo kijana akaona jambo. Pikipiki ilizima upesi zaidi kila alipojaza tangi. Ikiwa na mafuta kidogo, ilikwenda mbali zaidi kabla ya kuzima. Jambo hili lilikuwa kweli kabisa. Kutokana nalo akapata jibu: mafuta ndiyo mabaya, yamechakachuliwa. Na mafuta alikuwa akinunua kwa mama mmoja anayeuza petroli kwa chupa kando ya njia. Akaenda kijiweni mchana, watu wakiwa wengi, akasema kwa sauti kubwa kwamba mama yule anachanganya petroli na mafuta ya taa, na kwamba amemharibia mtambo. Mama akakana. Hakuna aliyemsikiliza. Tangu siku ile vijana wa kijiwe wakaacha kununua kwake.

Nasi hatuna budi kukiri hapa. Tuna pikipiki, na mafuta yake tulikuwa tukiyanunua kwa mama huyo, nasi tuliacha. Hatukumwuliza neno, wala hatukupima kitu. Tulidhani.

Tuseme pia kwamba biashara ya petroli ya chupa ina hatari kubwa ya moto, na wenye mamlaka wana neno juu yake. Lakini mama huyu hakushitakiwa kwa hilo. Alishitakiwa kwa wizi.

MZEE ALIYEULIZA

Mwishoni kijana alimwendea mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi ametengeneza mashine za kusaga. Mzee hakushika spana.

"Keti kwanza, mwanangu," alisema. "Inazima baada ya mwendo gani?"

"Tangi likijaa, kilomita moja au mbili, mzee wangu. Likiwa tupu-tupu, zaidi."

"Inazima ghafla kama taa, au inakufa pole pole?"

"Inakohoa kwanza."

"Ilianza lini?"

"Mvua zilipochachamaa."

"Na kabla ya hapo uligusa nini?"

"Sikugusa kitu, mzee."

"Hata kitu kidogo?"

Kijana akafikiri. "Niliweka nailoni tu chini ya kifuniko cha tangi. Maji ya mvua yalikuwa yakiingia kwenye mafuta."

Mzee hakushangilia, wala hakusema kwamba ameujua ugonjwa. Alimwambia kijana aendeshe mpaka izime. Ilipozima, alifungua kifuniko bila kugusa kitu kingine. Wote wawili wakasikia hewa ikiingia kwa mluzi mdogo. Kijana akapiga kiki, ikawaka. Mzee akakirudisha kifuniko pamoja na nailoni. Pikipiki ikaenda kidogo, ikazima. Akaitoa nailoni, kijana akapanda na kushuka kilima mara nyingi, tangi likiwa limejaa, nayo haikuzima tena. Ndipo mzee akasema, "Sasa tumejua."

Wasomaji wengi wamekwisha kuelewa. Katika pikipiki hizi ndogo zenye kabureta hakuna pampu ya mafuta. Petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe kutoka tangini, na inaposhuka lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa hiyo hupita katika tundu dogo sana la kifuniko. Mwuza mafuta ya kula alijua hili kabla yetu: akitoboa dumu tundu moja, mafuta hutoka kwa kusitasita, akitoboa la pili, yanatiririka. Nailoni ya kijana iliziba tundu la pili.

Tangi likiwa limejaa, hewa iliyobaki juu ya mafuta ni kidogo. Mafuta kidogo tu yakishuka, hewa hiyo inalazimika kutanuka sana kwa kadiri yake, nguvu yake inapungua, nayo inaanza kuyashikilia mafuta yasishuke. Tangi likiwa karibu tupu, hewa ni nyingi, nayo huchukua muda mrefu kufikia hali hiyo. Kwa hiyo alichokiona kijana kilikuwa kweli, na alichokihukumu hakikuwa kweli. Wingi wa petroli ndio ulioharakisha kuzima. Ubaya wa petroli haukuwako.

"BAADA YA" SI "KWA SABABU YA"

Tazama sasa makosa ya wale mafundi wawili. Kila mmoja alifungua kifuniko cha tangi kutazama mafuta. Kwa kufungua tu, aliingiza hewa na kuiponya pikipiki kwa muda. Kisha akabadili kipande, akapiga kiki, ikawaka, akaamini kwamba kipande ndicho kilichoiponya. Aliona kwa macho yake! Nani angemwambia vingine? Hata kama asingefungua kifuniko, muda ule wa kufungua na kufunga vyuma ulitosha hewa kupenya kidogo kidogo na mafuta kushuka tena. Kila dawa ingeonekana kuwa dawa. Mganga angekuja kuizunguka na kuinyunyizia maji, ingewaka pia. Na kweli wapo waliosema kijiweni kwamba pikipiki ile imerogwa.

Jambo hili si la pikipiki tu. Kwa miaka mingi katika nchi zetu kila homa iliitwa malaria. Mtoto akichemka, alipewa dawa ya malaria. Homa ikishuka, tulisema dawa imefanya kazi. Lakini homa nyingi hushuka zenyewe. Na mtoto ambaye homa yake ilitoka mapafuni alikunywa dawa isiyo yake, huku ugonjwa wake ukiendelea. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza panapowezekana. Kipimo cha tone moja la damu kidoleni kikaenea mpaka zahanati za vijijini. Waliotoa dawa zamani bila kupima hawakuwa watu wabaya. Wengi walikuwa watu wema sana, nao walikuwa na hakika.

Basi moyo safi na hakika ya mtu si vipimo vya kweli. Hilo ni la kwanza. Lakini je, ni kosa? Hapo ndipo penye ugumu.

MWENYE MELI

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza, William Kingdon Clifford, aliandika makala juu ya maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa tajiri mwenye meli kuukuu, aliyetaka kuipeleka baharini na familia za wahamiaji. Shaka ilimjia kwamba meli imechakaa. Badala ya kuikagua, alijituliza moyo: imesafiri mara nyingi ikarudi, hata sasa itarudi. Akafika mahali pa kuamini kweli kabisa. Meli ikazama na watu wote, naye akalipwa bima. Clifford alisema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, ingawa aliamini kwa moyo wake. Maana kwa ushahidi aliokuwa nao hakuwa na haki ya kuamini hivyo. Akaongeza kwamba hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua.

Maneno haya ni makali. Mwaka 1896 William James, Mmarekani, alijibu kwamba yapo mambo ambayo mtu hana budi kuyaamua kabla ushahidi haujatimia. Nasi twaona kwamba katika hili James ana haki. Mama mwenye mtoto mgonjwa usiku, mbali na zahanati, hawezi kungoja hakika. Fundi naye hawezi kuanza kazi bila kudhani. Yule mzee wa mashine alidhani pia. Aliposikia neno "nailoni" bila shaka alidhani mara moja. Bila dhana hata swali la kwanza hatungeuliza.

Tofauti ya mzee na wenzake ni kwamba yeye aliitumia dhana yake kama swali, nao walitumia zao kama hukumu. Yeye alitafuta namna ya kuijaribu ambayo kama dhana ni ya uongo, uongo wake utaonekana. Ndiyo maana hakutosheka ilipowaka nailoni ilipotolewa, mpaka ameirudisha na kuiona inazima. Na kujaribu kwake hakukumgharimu kijana hata senti moja.

Twaona basi kanuni tunayoweza kuishika. Nikidhani, na gharama ya kukosea kwangu nitailipa mimi mwenyewe, nina uhuru mkubwa. Lakini gharama ikiwa ni ya mwingine, iwe ni fedha yake, afya yake au jina lake, nimefungwa na mambo mawili. Kwanza, nijaribu njia iliyo rahisi ya kupima kabla ya ile iliyo ghali. Pili, nisipoweza kupima, nimwambie wazi kwamba ninadhani, ili achague mwenyewe kama atalipa. Fundi wa pili angesema, "Kijana, sina hakika, huenda ni kabureta, huenda siyo," yule kijana angefikiri mara mbili kabla ya kugusa fedha ya mbolea. Neno "huenda" lingeliokoa shamba.

KUPIMA KWANZA MAANA YAKE NINI?

Msomaji atauliza, je, vipimo rahisi vilikuwapo? Vilikuwapo. Pikipiki inayozima njiani huwa imekosa mojawapo ya vitu vichache: petroli, hewa kwa kipimo chake, moto wa plagi, au mgandamizo ndani ya silinda.

Mahali penye hewa wazi, mbali na jiko na sigara, mtu aweza kuchomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta na kuuelekeza katika chupa. Petroli ikitiririka vizuri kisha ikafifia, na kifuniko kikifunguliwa ikatiririka tena, ugonjwa ni kifuniko. Ikififia hata kifuniko kikiwa wazi, atazame koki na chujio. Mtambo ukizima kwa ghafla ukiwa moto na kuwaka ukipoa, huenda koili au kifaa cha moto kinachoka kwa joto; atazame moto wa plagi palepale ulipozima, lakini baada ya kufunga petroli na kuisogeza chupa mbali. Ukiwaka kwa choki na kuzima choki ikirudishwa, jeti ndogo ya kabureta huenda imeziba, au hewa inapenya kwenye mpira wa kabureta. Plagi nyeusi ya masizi yaonyesha petroli nyingi au chujio la hewa lililoziba. Na huku milimani tukumbuke kwamba hewa ni nyepesi. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 nguvu ya hewa ni pungufu karibu sehemu moja katika sita kuliko pwani, hivyo kabureta iliyopimwa pwani huku humwaga petroli kuliko kiasi.

Na petroli ya yule mama? Kipimo cha kwanza ni kipande cha karatasi nyeupe. Tone la petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama. Likiwa na mafuta ya taa, huacha doa. Uchakachuaji ulikuwa tatizo la kweli nchini. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Kwa hiyo kumshuku mwuza mafuta hakukuwa wazimu. Lakini karatasi ilikuwako, kijiwe kizima kilikuwako, na hakuna aliyedondosha tone. Kusema kulikuwa rahisi kuliko kupima.

MADENI

Turudi kwenye swali la kudaiwa. Tumelizungumza sana na wenzetu, na haya ndiyo tuliyoafikiana.

Fundi wa kwanza alikosea, lakini plagi aliyoiuza ni mpya na ingali inafanya kazi. Hatuoni kwamba anadaiwa fedha. Anadaiwa kusikiliza maneno mpaka mwisho siku nyingine.

Fundi wa pili anadaiwa zaidi. Kabureta ya zamani haikuwa mbovu, na ni mali ya mwenye pikipiki. Yampasa kuirudisha, na ingekuwa vema ainunue ile mpya kwa bei ya kadiri. Wako waliobisha: "Fundi naye ana watoto, na kazi alifanya." Ni kweli alifanya kazi. Lakini aliuza hakika ambayo hakuwa nayo, na mnunuzi hakujua ananunua kubahatisha.

Hapa hatuna budi kujitazama na sisi tunaopeleka pikipiki kwa mafundi. Mzee wa mashine alipotaja ujira wake, kijana alishtuka: "Yaani kutoa nailoni tu, mzee?" Alikuwa amelipa kabureta bila kunung'unika, kwa sababu aliishika mkononi, ikang'aa. Ujuzi haushikiki mkononi. Tukilipa vipande na kukataa kulipa fikira, tunawafundisha mafundi kutuuzia vipande. Fundi asemaye "sijui, niachie nitazame" tunamkimbia. Asemaye "kabureta hiyo" kabla hatujashuka tunamsifu kwa uhodari. Sehemu ya hatia yake ni yetu.

Kijana naye anadaiwa na mama yake mzazi fedha ya mbolea. Lakini deni lake zito ni kwa mama wa petroli. Fedha hurudishwa kwa fedha. Jina je? Yeye hakusema uongo kwa kusudi, na wengine walimtetea hivyo: "Alidhani." Sisi twajibu kwamba neno hilo lapunguza lawama, halipunguzi hasara. Mama hakupoteza wateja kidogo zaidi kwa sababu msemaji alikuwa na moyo safi. Huenda alipoteza wengi zaidi, maana mtu anayeamini asemalo huaminiwa upesi kuliko mwongo. Na kama doa liliwekwa mchana mbele ya watu, haitoshi kulifuta usiku wawili peke yao. Yampasa kusema palepale, kwa sauti ileile.

Nasi tulioacha kununua tuna deni letu. Sisi hatukusema kitu. Lakini kuacha kwetu kulikuwa ni kusema. Mtu apitaye na kuona kwamba hata watu wazima wa kanisa hawasimami tena pale, atasadiki.

Kijana alikwenda. Tunamsifu kwa hilo, maana katika umri wake si jepesi. Alisimama kijiweni, akaeleza habari ya nailoni mbele ya wenzake waliomcheka, akamwomba mama radhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekusikia, mwanangu, na sina neno nawe. Ila uende ukawaambie na wa Isongole, maana habari yangu huko imefika, na mimi siwajui walioisikia."

Kijana alikwenda Isongole pia. Wangapi aliwapata, na wangapi wamebaki na dhana ile mpaka leo, hakuna awezaye kuhesabu. Wateja wengine wa mama hawajarudi. Shamba la mama yake kijana lilivunwa mwezi wa Juni, magunia machache kuliko mwaka uliotangulia. Pikipiki haijazima tena. Kijana alinunua mpira mpya wa kifuniko wa kuzuia mvua, na usiku huifunika kwa turubai.

Sisi tulimwendea mama siku ya Jumamosi, tukamwambia kwamba tuliacha kununua kwake kwa sababu ya maneno tuliyoyasikia na hatukuyapima. Tulikuwa tumeandaa maelezo marefu, jinsi kila mtu alivyoamini, jinsi uchakachuaji ulivyokuwa umeenea. Tulipofika tukaona kwamba maelezo yale yalikuwa kwa faida yetu, si kwa faida yake, tukayaacha. Tukasema tumemkosea. Akatuuliza kama tunataka lita moja au mbili.